Tuliouziwa "Kilimanjaro wikiendi" hapa Mtwara tukutane hapa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Magoti yananiuma, mfukoni sina kitu, na kijiweni tumeshapewa jina: Wazee wa Mandara.

Iko hivi. Mwezi wa sita jamaa mmoja anayejiita wakala wa utalii, yuko hapa hapa mjini, alirusha tangazo kwenye magrupu: "Wikiendi ya Saba Saba, panda Kilimanjaro ukaguse theluji!" Laki nne na nusu kwa kichwa, nauli, chakula, kiingilio na mwongozaji humo humo. Ijumaa kuondoka, Jumatatu usiku uko kwako. Tukajikusanya wanne: mimi, mwalimu wa sekondari, dereva wa boda, na mvuvi wa Mikindani ambaye baridi kali anayoijua ni ya barafu ya kuhifadhia samaki.

Najua kuna watakaokuja na "kwani hamkuwa na akili?" Subirini. Jamaa alikuwa na jibu la kila swali. Bei mbona ndogo? Akasema raia tunalipa ada nafuu kuliko wageni, na hapo hakudanganya, ndiyo maana tukameza na mengine. Siku mbona chache hivyo, na Uhuru, kileleni kabisa, tutafika kweli? "Mtafika. Wazungu wanachelewa kwa sababu ya kupiga picha." Tukacheka. Tukatuma hela.

Ijumaa saa 12 asubuhi tuko kwenye basi. Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Daraja la Mkapa, Dar jioni miguu imevimba. Usiku basi jingine mpaka Moshi. Zaidi ya kilomita elfu moja umekaa kitako, halafu asubuhi yake eti uanze mlima. Chakula cha kwenye kifurushi kilikuwa maji na biskuti. Asingekuwa mvuvi kubeba ming'oko ya kuchemsha tungefika huko tumekauka.

Geti la Marangu tumefika kwenye saa 5. Mwongozaji, kijana wa huko huko, akatutazama raba zetu, akatazama karatasi, akauliza taratibu: "Kaka zangu, nani kawaambia mnakwenda Uhuru? Kibali chenu ni cha kutwa. Mnafika Mandara, vibanda vya kwanza tu, mnageuza."

Kimya. Hata yule wa boda, ambaye huwa hanyamazi.

Ndipo akatueleza, na nayaandika hapa ili mwingine asije kuambiwa habari za kupiga picha. Njia hiyo ya Marangu, ndiyo yenye vibanda vya kulala, watu hupanda na kushuka kwa siku 5, na wanaoutakia mwili heri huweka 6. Siku ya kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, 3,720. Wa siku 6 wanalala hapo mara mbili ili mwili uzoee. Kisha vibanda vya Kibo, mita 4,700 na kitu, unajilaza kidogo, kwenye saa 6 usiku unaamshwa upande gizani mpaka Uhuru, 5,895. Kule juu pumzi moja inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata hapa Mtwara. Ukikimbilia, kichwa kinapasuka, unatapika, na ikizidi mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, hapo dawa kubwa ni kukushusha haraka. Sasa sisi ni watu wa usawa wa bahari. Kwetu Shimo la Mungu kule Newala tunalichungulia kutoka juu, na huko juu tumefikishwa na gari.

Nikampigia wakala. Akapokea, tena kwa furaha. "Ongeeni naye vizuri huyo kijana, mpeni ya soda, mlale Mandara kimya kimya, kesho mkaze mpaka juu."

Wakuu, laki nne na nusu nitaitafuta tena. Lakini huyu mtu alikuwa radhi tupande zaidi ya mita elfu tatu kwa siku moja, na majaketi ya mtumba, ilimradi tusimdai. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Na wa boda alishaanza kutafuta noti mfukoni! Mwongozaji akamkatalia: "Nimeshashusha watu kwa machela, kaka. Wewe sikubebi."

Basi tukaenda Mandara. Msitu mzuri, sikatai: mbega wanaruka, miti imeota ndevu, ukungu kila mahali. Theluji hata ya dawa hakuna. Mvuvi kila baada ya nusu saa, "Theluji iko wapi?" Mpaka nikatamani kumtupia jiwe. Saa 11 jioni tumesharudi getini.

Jumapili alfajiri, tukiwa gesti pale Moshi, mawingu yakafunguka kama dakika kumi, ndipo tukaiona Kibo, kilele chenyewe. Nyeupe juu kidogo tu. Mwongozaji alikuwa ametuambia barafu ya kule imeshapungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Nikafungua lile tangazo kwenye simu nilinganishe. Milima myeupe pee, chini yake misonobari imefunikwa theluji. Misonobari! Kilimanjaro ya wapi hiyo? Wanne tuliitazama picha hiyo wiki tatu na hakuna aliyeshtuka, na yule mwalimu, wakuu, anafundisha jiografia.

Tuliporudi tukamfuata. Anasema: "Tangazo limesema kupanda, halikusema kufika." Na theluji? "Hiyo ni kazi ya Mungu." Akatoa elfu hamsini, tugawane wanne, eti pole ya usumbufu. Hatukuichukua.

Tunataka laki tatu kila mmoja, nauli na kiingilio abaki navyo. Risiti za miamala tunazo, na sauti yake ya "mpeni ya soda" wa boda aliirekodi. Serikali ya mtaa tumeshafika, tumeambiwa turudi Alhamisi.

Jana ametoa tangazo jingine, wikiendi ya Nane Nane, nafasi sita. Misonobari ni ile ile. Kama umeshamtumia hela, njoo PM leo hii, Alhamisi twende pamoja.