Naomba ushauri: tungamo la elektroni linaongezeka ikikimbia, au halibadiliki?

Mtaka_Hesabu: Habarini wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha sita. Kitabu kimoja kinasema elektroni ikifika 0.8c (c ni kasi ya mwanga) tungamo lake linakuwa mara 1.67. Kingine kinasema halibadiliki. Nishike kipi, na nishati mwendo tuikokotoeje?

Kipimo: Shika cha pili, mwalimu. "Tungamo la mwendo" (lile linaloongezeka na kasi) ni lugha ya zamani; Einstein mwenyewe alimwandikia Lincoln Barnett mwaka 1948 kwamba ni heri kutoliingiza kabisa. Kinachokua ni nishati na momenta (p).

Hesabu: mc² ya elektroni, yaani nishati yake ikiwa imetulia, ni 0.511 MeV (MeV ni kipimo cha nishati). Kwa 0.8c, γ = 1/√(1 − v²/c²) = 1/0.6. Nishati yote E = γmc² = 0.852 MeV. Toa 0.511, nishati mwendo ni 0.341. Halafu pc = 0.8 × E = 0.681. Hakiki: E² toa (pc)², tafuta kipeuo cha pili. Isiporudi 0.511, kuna mahali mmeteleza.

Nukta5: Mtego uko hapa: mwanafunzi anachukua tungamo la mwendo, γm, na kulitia kwenye ½mv². Anapata 0.273 MeV, pungufu kwa asilimia 20. F = ma nayo inaharibika. Kani ikisukuma kwa ubavu, γm inafaa. Ikisukuma kuelekea mbele inatakiwa γ³m, yaani mara 4.63. Elektroni moja, matungamo mawili? Ndiyo maana wanafizikia waliachana nalo.

Mtaka_Hesabu: Nimeelewa. Wakiuliza kuhusu fotoni (chembe ya mwanga), na habari za Higgs (uga unaozipa chembe tungamo)?

Bi_Sayari: Fotoni moja haina tungamo. Lakini chukua mbili za 0.511 MeV zikienda pande zinazopingana: momenta zinafutana, nishati inabaki 1.022, basi jozi ina tungamo la 1.022 MeV/c². Zikielekea upande mmoja, sifuri. Tungamo la mfumo si jumla ya vipande vyake.

Protoni ni hivyohivyo: 938 MeV/c², wakati kwaki zake tatu (chembe zinazoiunda) zikijumlishwa hazizidi 10. Kilichobaki ni nishati ya kwaki na gluoni (chembe zinazozishikanisha kwaki) humo ndani. Kwa hiyo anayesema Higgs ndiyo chanzo cha tungamo lote, mrekebishe: inazipa kwaki na elektroni tungamo lao, sehemu ndogo tu ya kilo yako ya sukari.

Kipimo: Nyongeza: swali likitaja wazi "tungamo la mwendo", wajibu γm, hapa 1.52 × 10⁻³⁰ kg. Muulizaji ndiye aliyechagua lugha.