Amani ya Frankfurt, 1813: Napoleon aliikataa au hakupewa kabisa?

Mleta mada:
Wakuu, kuna kauli imenichosha: eti Novemba 1813 Napoleon, Kaisari wa Ufaransa, aliletewa amani mkononi, akaitupa kwa kiburi, ndiyo maana akaishia uhamishoni kisiwa cha Elba. Mimi nasema hakukuwa na amani ya kutupwa.

Tuitazame karatasi yenyewe. Napoleon kapigwa vitani Leipzig, Ujerumani, Oktoba 16 hadi 19. Mwanadiplomasia mmoja wa Kifaransa, Baron de Saint-Aignan, kaangukia mikononi mwa washirika (Urusi, Austria, Prussia na Uingereza, waliokuwa wakimpiga Napoleon), akapelekwa Frankfurt. Tarehe 9 Novemba Metternich, waziri wa mambo ya nje wa Austria, anamkalisha na kumweleza: Ufaransa ibaki ndani ya mipaka yake ya asili, yaani mto Rhine na milima ya Alps na Pyrenees, iachie Ujerumani, Uholanzi, Italia na Hispania. Nesselrode wa Urusi yupo. Lord Aberdeen wa Uingereza naye anaingia. Saint-Aignan anaandika aliyoyasikia, na hakuna hata mmoja wao anayetia sahihi. Ni sawa na dalali anayekuhakikishia mwenye nyumba hana neno, kumbe mwenye nyumba hata hajaulizwa.

Na mwenye nyumba hapa ni London. Ufaransa ikibaki na Rhine, inabaki na Antwerp, bandari ambako Napoleon alikuwa akiunda manowari, mkabala na mlango wa mto Thames. Castlereagh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, asingelikubali hilo hata kwa dawa.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, mbona tarehe 16 Novemba umeiruka? Karatasi imefika Paris, waziri wa mambo ya nje, Maret, anajibu: tufanye mkutano Mannheim. Kuhusu mipaka hatamki kwamba anaikubali. Mtu kaulizwa kama bei anaiafiki, yeye anauliza tukutanie wapi! Kama ile karatasi ilikuwa geresha, angesema ndiyo siku hiyohiyo tuone Metternich angetokea mlango gani.

Mchangiaji wa 2:
Nakazia. Caulaincourt alipochukua wizara kutoka kwa Maret ndipo akaandika kukubali, 2 Desemba. Tangazo la washirika kwa Wafaransa limeandikwa tarehe 1 Desemba, linawaahidi nchi pana kuliko waliyowahi kuwa nayo chini ya wafalme wao. Rhine haitajwi kama mpaka. Chelewa chelewa... malizieni wenyewe.

Mleta mada:
Na katikati ya tarehe hizo kulitokea nini? Waholanzi waliinuka Amsterdam, na 30 Novemba Mwanamfalme wa Orange, wa ukoo uliotawala Uholanzi zamani, akashuka pwani ya Scheveningen. Hata Maret angejibu ndiyo kwa wino wa dhahabu, Waingereza wangeiachaje Antwerp wakati Uholanzi inafunguka mbele ya macho yao?

Mchangiaji wa 3:
Wote mnawasema washirika kama mtu mmoja, wakati hawakuwa kitu kimoja. Kaisari Aleksanda wa Urusi alitaka kuingia Paris. Metternich hakutaka Ufaransa ivunjike, maana ingebaki nani wa kumzuia huyo Mrusi? Tena Kaisari wa Austria ndiye baba yake Marie Louise, mke wa Napoleon. Jibu la "ndiyo" la mapema lisingeleta amani, nakubaliana na mleta mada. Ila lingewagombanisha. Mpaka Januari 1814 inaingia, Blücher, jenerali wa Prussia, anavuka Rhine pale Kaub, hakuna wa kumwambia ngoja.

Mchangiaji wa 4:
Napoleon hakuwa mtu wa amani, basi. Dresden, Juni 1813, si alimtupia Metternich kofia sakafuni?

Mchangiaji wa 3:
Anayetusimulia kofia ni Metternich huyohuyo. Mimi kofia ya kusimuliwa na adui siihesabu. Nahesabu mazungumzo ya amani ya Châtillon, Ufaransa. Mwanzoni mwa Februari 1814, baada ya kushindwa La Rothière, Napoleon anampa Caulaincourt ruhusa kamili ya kupatana. Anashinda Champaubert, Montmirail na Vauchamps, ruhusa anaifuta. Hapo hakuna dalali: wajumbe wako mezani, Waingereza wakiwemo.

Mleta mada:
Kwa Châtillon umenishika, sibishi. Lakini angalia kilichokuwa mezani: mipaka ya 1792, bila Antwerp. Ndiyo mipaka waliyopewa Wabourbon, ukoo wa wafalme wa zamani wa Ufaransa waliorudishwa baada ya Napoleon, tarehe 30 Mei 1814, na nyongeza kidogo. Yaani mara tu Castlereagh alipofika mwenyewe, Rhine haikusikika tena. Ndicho ninachokisema tangu juu.

Mchangiaji wa 1:
Kwa hiyo Caulaincourt naye alidanganyika? Maana yeye ndiye aliyeishikilia karatasi ile mpaka mwisho.

Mchangiaji wa 2:
Saint-Aignan alikuwa shemeji yake, mkuu.