MREJESHO: Tumeanza kuhama kutoka seva za ofisini

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu niliuliza kama tuachane na seva zetu mbili za chumba cha nyuma, zile zinazozimika kila umeme ukikatika, na toleo jipya la programu tunapandisha kwa mkono usiku wa manane. Wengi mlisema tusihame kwa mkupuo. Tukasikia.

Tulianza na huduma ya ankara tu, tukaipeleka AWS, yaani seva za kukodi za Amazon, kanda ya Cape Town. Mitambo yote tumeiandika kwa Terraform, zana inayounda seva na mipangilio yake kufuata maandishi yetu. Sasa kijana akisukuma msimbo wa programu GitHub, ghala letu la msimbo mtandaoni, majaribio yanajiendesha, kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) linajengwa, toleo linapanda lenyewe. Dakika 11, chai haijapoa.

Kilichotutoa jasho: mwenzetu alifungua poti (mlango wa mawasiliano wa seva) kwa mkono kwenye dashibodi ya AWS, hakuiandika popote. Terraform ilipopita tena ikaifunga, wateja wakakaa nusu saa bila huduma. Tangu siku hiyo haki ya kugusa dashibodi nimewanyang'anya wote, mimi mwenyewe nikiwemo.

Bili ya AWS nayo ina mambo yake. Seva ya majaribio tuliisahau ikiwaka wikiendi nzima. Siku hizi inajizima saa moja jioni.

Hifadhidata kuu bado haijahama. Iko kwenye seva ileile ya zamani, feni inalia kama kawaida.