Mjadala: Nyumba za kale za Pangani zilindwe kwa gharama ya nani?

Ujenzi wa daraja la Mto Pangani, linalokusudiwa kuchukua nafasi ya kivuko cha Bweni, umeibua upya swali la nyumba za kale zilizo kando ya mto. Wapo wanaotaka zibomolewe ili wageni watakaoletwa na barabara mpya wapate maduka na mahali pa kulala, na wapo wanaotaka Serikali ipige marufuku ubomoaji wowote. Mimi nataka zihifadhiwe, lakini napinga marufuku isiyoambatana na fedha.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara iliishia katika mji huu. Agosti 1888 wakazi waliikataa mamlaka ya kampuni ya Wajerumani, upinzani ukaenea pwani, na Desemba 1889 kiongozi wake, Bushiri bin Salim, akanyongwa papa hapa Pangani. Baadaye reli ya Tanga iliivuta biashara ikaenda huko, na naamini umaskini uliofuata ndio ulioziokoa nyumba hizi, kwa kuwa wachache walikuwa na uwezo wa kujenga nyingine mahali pake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863 na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo nyumba ya mfanyabiashara iliyojengwa, tuseme, mwaka 1880 haina kinga mpaka itangazwe rasmi, ilhali mlango wake unayo. Inaniuma kuona kwamba mlango unalindwa na ukuta unaoubeba unaachwa uporomoke.

Wanaosema wenye nyumba ni wazembe hawawatendei haki. Kuta za mawe ya matumbawe zinahitaji chokaa, na dari zake boriti za mikoko. Saruji, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi, hufungia unyevu ndani na kuzidi kuuharibu ukuta. Warithi kumi wa nyumba moja, kila mmoja na shida zake, watachangaje kazi hiyo?

Napendekeza nyumba za ukingoni ziorodheshwe na kutangazwa kabla magari hayajaanza kupita, wenyewe wasamehewe kodi ya majengo, na sehemu ya ushuru wa utalii inunue chokaa na kulipa mafundi. Anayeona mzigo huu ubebwe na mwenye nyumba peke yake, atueleze mwenye nyumba huyo atazipata wapi fedha.