Mikorosho yangu inakauka upande mmoja, salfa imeshindwa. Naombeni ushauri

Kijana wa Mkuranga:
Wakuu habari zenu. Nina ekari 4 za korosho mzee alituachia, kama miti 100 hivi. Mwaka jana mmoja ulianza kuwa njano upande wa barabarani, majani yakawa kahawia yakabaki yananing'inia, upande wa pili kijani kabisa, baada ya miezi kadhaa ukafa wote. Sasa hivi imekufa 6 na yote imepakana. Nimepuliza salfa robo kilo kila mti na sioni mabadiliko, hela imeenda tu. Nimejaza viriba 300 nioteshe miche ya kuziba mapengo, udongo nimechota hapo hapo chini ya miti maana una mboji nzuri. Nawasilisha.

bungala:
Pole mkuu. Hao mchwa hao, mwaga dawa kwenye shina.

Mama Vitalu:
Mchwa haukaushi mti nusu nusu jamani. Mdogo wangu, kata tawi kwenye upande uliokauka alafu bandua gome, ukikuta mistari ya kahawia ndani ya mti basi ni mnyauko fusari. Ni fangasi wa udongoni, anaingia kwa mizizi anaziba njia za maji, ndo maana mti unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani na maua, huko ndani haifiki. Na huu ugonjwa ulianza kuonekana huko huko kwenu Mkuranga, kijiji cha Magawa, 2012.

mzee_kangomba:
Mimi niliwahi kumwagia jiki kwenye shina mti ukapona

Mama Vitalu:
Ulipona kwa kitu kingine basi. Jiki ni ya panga na jembe: osha udongo kwanza, loweka kwenye jiki kikombe 1 kwa maji vikombe 9, ndo uhamie mti mwingine. Mti ukishaugua hakuna dawa ya kuuponya, ng'oa na mizizi yake uchome hapo hapo. Najua majirani watataka kuni, wanyime, wakukasirikie.

Kijana wa Mkuranga:
Na viriba je? Miche ishachipua dada yangu

Mama Vitalu:
Hapo ndo panaponiuma. Huyo fangasi anakaa udongoni miaka na miaka bila mti wowote, kwahiyo umejaza ugonjwa kwenye viriba 300. Usipande, usigawe, na tafadhali usimuuzie mtu, choma. Anza upya na udongo wa mbali ambapo hapajawahi kuwa na mkorosho, uloweshe, ufunike na nailoni inayopitisha mwanga, uache juani wiki 4 mpaka 6 ndo ujaze. Miche iliyobebeshwa (iliyounganishwa kikonyo cha mti bora) na mbegu nzuri waulize TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho kule Mtwara, ila mapengo ya ile 6 usiyazibe na korosho kwa sasa.

bungala:
Na trekta lisipite hapo likasambaza udongo shamba zima, hapo nakubaliana na dada.

Kijana wa Mkuranga:
Nimetoka shamba saa hii, nimebandua gome matawi mawili, mistari ipo imenyooka kama imechorwa na kalamu. Jamaa wa trekta alikuwa aje Jumatatu nimempigia asije, advansi yangu kasema harudishi. Viriba nachoma kesho, mama yangu hajui bado maana yeye ndo alikuwa anamwagilia.