Bao la kiswahili: kete ikiishia nyumba, nilale (nisimame hapo) au niendelee?

kimbi_kushoto: Wakuu, tupo namua (hatua ya kwanza, bado tunaingiza kete za mkononi). Nimekula kete zake, na ya mwisho niliyosambaza imeangukia nyumba yangu (lile shimo kuu la safu ya mbele), ambayo sasa ina kete 8. Mpinzani anasema lazima niibebe yote. Ni kweli?

kete64: Si kweli. Kwanza tazama shimo lake linalotazamana na nyumba yako. Likiwa na kete, unakula, huna hiari. Likiwa tupu, na nyumba haijachezwa (haijawahi kubebwa), uamuzi ni wako: lala au safiri nayo, yaani uibebe yote na kuisambaza. Mkifika mtaji (hatua ya pili, kete za mkononi zikiisha) hiari hiyo imekwisha, unaendelea.

mtaji_safi: Sahihi. Ila ukiwa unatakata (unacheza zamu isiyo ya kula), ukifika nyumba unasimama tu.

kimbi_kushoto: Shukrani. Lini inafaa kusafiri?

kete64: Usiharakishe, tafadhali! Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi. Zikiwa bado nyingi, nyumba uliyoimwaga mbele inakuwa chakula cha mpinzani kila zamu. Hesabu kwanza kete ya mwisho itaangukia wapi. Isipokula kitu, lala. Mimi husafiri mapema nikiona tu kwamba zamu ijayo atalijaza lile shimo tupu na kuila nyumba nzima.