Walimu wa kompyuta: mada gani iliwagomea wanafunzi wako na uliivusha vipi? Tupeane uzoefu

Mwl. wa Iringa
Habari za jioni walimu. Hapa shuleni mwalimu wa kompyuta ni mimi peke yangu. Wa hisabati wana wenzao wa kuwauliza; mimi nikikwama naishia kutazamana na ubao. Uzi huu si wa kulalamikia uhaba wa mashine, hilo tunalijua sote. Kila mtu alete mada moja iliyowagomea wanafunzi na njia aliyoipata.

Naanza. Kwangu ni x = x + 1, ambayo kwenye programu maana yake ni: chukua thamani ya x, ongeza moja, iweke tena kwenye x. Watoto wametoka kipindi cha hisabati wakijua alama ile ni usawa. Mmoja aliondoa x pande zote mbili, akapata 0 = 1, akaniambia, "Mwalimu, hii haiwezekani." Na kwa hisabati yuko sahihi kabisa! Siku hizi, wiki za mwanzo, ubaoni naandika mshale: x ← x + 1. Kisha tunachora jedwali, kila kigeu (jina linaloshika thamani, kama x) na safu yake. Thamani ya zamani inakatwa kwa kalamu, mpya inaandikwa chini yake. Lugha ya programu yenyewe, Python, inakuja baadaye. Sisi tuliosoma lugha ya zamani ya Pascal tulikuwa na := ya kututofautishia.

Ticha wa Mombasa
Hapo kwenye kukata kwa kalamu ndipo penyewe. Wengi wetu tunawaambia kigeu ni sanduku. Basi mtoto anaweka 5, halafu 7, ukimuuliza mna nini ndani anakujibu 5 na 7. Kwa sanduku, ana haki.

Mwalimu wa Unguja
Assalaam alaykum. Mimi ilikuwa lupu ya while, yaani amri ya kurudia kazi maadamu sharti fulani ni kweli. Ile ya for walielewa upesi, rudia mara kumi, basi. Kilichowashinda ni kurudia jambo ambalo hujui mapema litarudiwa mara ngapi.

Nikaleta bao darasani. Unachota kete, unasambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichota na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu yako imekwisha. (Wachezaji mtaniwia radhi, kula na nyumba nimeviweka kando.) Kila kundi likaandika maelekezo kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwa mtu asiyewahi kuliona bao maisha yake yote. Skuli nzima ilisikia ubishi wetu. Kijana mmoja akauliza kama kete zinaweza kuzunguka bila kulala kabisa. Zinaweza, watafiti wa michezo wameonyesha kwamba bao lina mitaji (mizunguko ya kusambaza kete) isiyokwisha. Lupu isiyo na mwisho sikuhitaji tena kuieleza.

Mwl. wa Iringa
Sheikh, hayo maelekezo tuwekee hapa tafadhali.

Mwalimu Nakuru
Kwetu Kenya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, una karatasi tatu za Computer Studies: nadharia, vitendo, na mradi. Mradi ndio kichwa kinauma, kwa sababu kwenye saiba za mjini kuna wanaouuza ukiwa tayari. Sigombani tena na mtu. Mwanafunzi anakuja na kazi yake, nachagua sehemu moja, namwambia abadilishe kitu kidogo mbele yangu, tuseme ripoti ipangwe kwa tarehe badala ya jina. Aliyeiandika anahangaika kidogo na anafika. Aliyeinunua hata faili hajui iko wapi.

Mtanzania Birmingham
Huku Uingereza, tangu Septemba 2014 watoto wanaanza somo la kompyuta (Computing) wakiwa na miaka mitano, kwa hiyo walimu wengi walilazimika kujifunza huku wakifundisha. Kilichonisaidia ni utaratibu wa PRIMM wa Sue Sentance: wanafunzi wanatabiri programu fupi itafanya nini, wanaiendesha, wanaichunguza, wanaibadilisha, na kutengeneza yao kunakuja mwisho kabisa.

Kwangu kutabiri ndiko kwenye thamani kubwa, maana kunafichua imani moja ngumu. Mwaka 1986 Mmarekani Roy Pea aliandika kwamba wanaoanza huamini ndani ya kompyuta mna akili iliyojificha inayojua wanachokusudia. Ukiwapa msimbo (maandishi ya programu) ambao jina la kigeu ni "kubwa" lakini kazi yake ni kutafuta namba ndogo, nusu ya darasa wanatabiri kwa kusoma jina. Mashine haisomi majina.

Ticha Mwanza
Nzuri, lakini nyie mna madarasa ya watu wangapi? Karatasi za utabiri nitazisahihisha saa ngapi?

Mtanzania Birmingham
Usisahihishe. Andika majibu manne ubaoni. Kila mmoja afumbe macho, aweke mkono kifuani na kuonyesha vidole, kimoja hadi vinne. Unaona darasa lote kwa mara moja, na hakuna anayemwigiza jirani. Kisha wawili wawili wabishane, waonyeshe vidole tena.

Mwl. Kigoma
Kwangu ni namba za mfumo wa mbili, zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu. Umeme ulikatika, nikakata maboksi: kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Zoezi linatokana na CS Unplugged, mazoezi ya kompyuta bila kompyuta ya akina Tim Bell kule New Zealand. Kadi iliyofunuliwa ni 1, iliyofunikwa ni 0, na jumla ya nukta zinazoonekana ndiyo namba yenyewe. Watoto watano mbele, darasa linataja tarehe ya kuzaliwa. Tano zinafika 31, kwa hiyo hakuna tarehe inayokosa.

Mwalimu wa Unguja
Maelekezo haya, mwalimu:
1. Chagua shimo lenye kete.
2. Chota zote.
3. Sambaza moja moja mpaka ziishe mkononi.
4. Shimo la mwisho likiwa tupu, simama.
5. Kama si tupu, chota zilizomo, rudi 3.

Mtego uko mstari wa 4. Ukikagua baada ya kuangusha kete ya mwisho, shimo haliwezi kuwa tupu, lina hiyo moja. Ama ukague kabla ya kuiangusha, au uulize kama mna kete moja tu. Makundi mengi yaliandika kama nilivyoandika hapo juu, na tulipoyageuza kuwa programu, programu zao hazikulala mpaka tukazifunga kwa mkono. Msiwaambie wanafunzi mapema, waacheni waendeshe kwanza.